Upande Ambao Kungwi Hakuufundisha

Mavuno yakiisha, wanawake wa Mbwera hupumua. Mpunga uko ndani. Hakuna tena kushinda shambani kufukuza ndege. Ndipo harusi zinapoanza, na harusi zikianza, mlango wa Mwantumu haupumziki.

Mwantumu alikuwa kungwi. Katika visiwa vile vya Rufiji, bibi harusi hakuingia nyumbani kwa mumewe mpaka kwanza apite mikononi mwake. Yeye ndiye aliyemfunda jinsi ya kukaa na mume, jinsi ya kujitunza akiwa mwezini, na jinsi ya kulea. Alikuwa na ulimi mwepesi na mikono mizuri ya udongo. Alifinyanga vitu vidogo vya kufundishia: kinu, jiko, kitanda, na chungu chenye mdomo mwembamba. Chungu hicho kilikuwa tumbo la uzazi.

"Mume hutia, mke hupokea," aliwaambia wari wake. "Chungu kizima hakivuji."

Basi. Mafunzo ya kizazi yalikuwa yamekwisha. Hakuna mwari aliyewahi kumwuliza zaidi, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

Asubuhi moja, katika siku za mwisho za utawala wa Mwingereza, Mwantumu alikaa uani akikanda udongo kwa ajili ya harusi iliyokuwa inakaribia. Mkwewe Zena alikuwa akitwanga mpunga. Mfaume, mtoto wa pekee wa Mwantumu na mume wa Zena, hakuwapo. Alikuwa ndani ya mikoko na wenzake, wakikata boriti. Angerudi bamvua likija, kwa maana bila maji makubwa hayo boriti hazitoki msituni.

"Zena," aliita Mwantumu.

"Labeka, mama."

"Mwezi huu vipi?"

Zena aliacha kutwanga. Alijua anaulizwa nini. Kila mwezi aliulizwa hivyo hivyo, kama mtu anayeulizwa kuku wake wametaga au la.

"Nimeingia mwezini tangu jana, mama."

"Haya. Twanga."

Mchi ulipanda na kushuka mara kadhaa. Kisha Mwantumu akasema, bila kuinua macho kwenye udongo:

"Nimemwona binti mmoja Dimani. Kwao wanazaa, tumbo baada ya tumbo. Mfaume akirudi, mjomba wake atazungumza naye. Weye utarudi kwenu kwa heshima. Miye sina ugomvi nawe."

Zena aliuweka mchi chini. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye kumeza maneno. Siku hiyo hayakumezeka.

"Na Johari naye alirudi kwa heshima, mama?"

Mwantumu aliendelea kukanda udongo. Zena akaingia ndani, akajifungia, akalia.

Inafaa nikueleze habari za Johari. Huyu alikuwa mke wa kwanza wa Mfaume. Alikuwa binti wa Mahege, mcheshi, mwenye mikono hodari ya kusuka mikeka. Mwantumu alimpenda. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfunda, akamkabidhi kwa mwanawe. Lakini miaka ikapita, na tumbo la Johari likabaki vilevile. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kungwi anafundisha wenzake kuzaa na kwake hakuna kilio cha mtoto. Maneno hayo yalimchoma Mwantumu mahali pabaya. Kungwi akichekwa kwa kazi yake, ana nini tena?

Ndipo akafanya jambo baya. Kwenye harusi ya watu, wanawake wakiwa wamejaa, alikitoboa chungu chake cha udongo kwa kijiti. Akakitia maji. Maji yakachuruzika mpaka yakaisha. Akawageukia wale wanawake, akasema, "Huyu ndiye mkwe wangu Johari. Tieni mnavyotaka, hakitulii kitu."

Wengine walicheka. Johari alikuwa amekaa pale pale, nyuma kidogo, ameshika kata ya maji. Kesho yake Mfaume alimpa talaka, kwa shinikizo la mama yake, na Johari akavuka maji kurudi Mahege. Baadaye sana ndipo Zena alipoolewa. Sasa naye zamu yake ilikuwa imefika.

Jua lilikuwa limeshapanda kidogo waliposikia hodi. Alikuwa Tabu.

Tabu alizaliwa Mbwera, na aliwahi kuwa mwari wa Mwantumu. Mume wake alipofariki alikwenda Dar es Salaam kusomea ukunga, akafaulu, akapewa kazi Kibiti ya kuzalisha akina mama. Alikuja nyumbani kumwona mama yake, na asingeweza kupita bila kumsalimu kungwi wake.

"Shikamoo, somo," alisema Tabu, akimwita kama wari wanavyomwita kungwi wao.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Umenenepa, Kibiti kunakupenda."

Wakacheka. Tabu akatoa sukari na leso aliyomletea. Kisha akamwona Zena akitoka ndani na macho mekundu, akipita kwenda kuteka maji bila kusema neno.

"Huyu ana nini, somo?"

Mwantumu akapiga kite. "Ana nini? Hana kitu, ndiyo tabu yake. Nampokea wa pili huyu, na wa pili naye chungu kinavuja. Sijui nimemkosea nani."

Tabu alikitazama kile chungu kidogo cha udongo kilichokuwa kwenye kipande cha mkeka. Alikumbuka siku yake mwenyewe, alipoonyeshwa chungu kama hicho. Alipima maneno yake, maana si rahisi mwari kumfundisha kungwi wake.

"Somo," alisema taratibu, "ukiniruhusu, nami nifinyange kidogo. Yale niliyofundishwa Dar es Salaam. Ukiona ni upuuzi, uvunje."

"Finyanga. Udongo wenyewe wa bure."

Tabu akachukua donge, akalifinyanga likawa kama pera lililogeuzwa, sehemu nene juu na nyembamba chini.

"Hili ndilo tumbo la uzazi. Si kubwa. Kwa mwanamke asiye na mimba halizidi ngumi yake mwenyewe. Huku chini kwenye shingo ndipo penye mlango wake, na mlango huo unafungukia kwenye uke, njia ambayo mtoto hutokea. Mkojo una njia yake nyingine, mbele kidogo."

"Mpaka hapo tuko pamoja," alisema Mwantumu.

"Hapa ndipo tunapoachana, somo. Wewe unaishia kwenye chungu. Kuna vitu vingine viwili."

Akachukua udongo, akausokota mirija miwili myembamba. Akaipachika huku na huku, juu ya lile pera. Karibu na mwisho wa kila mrija akaweka kipande kidogo, si kikubwa kuliko korosho.

"Hivi ni vifuko vya mayai. Kila mwanamke anavyo viwili. Yai lake si kama la kuku. Ni dogo kuliko ncha ya sindano. Binti akishavunja ungo, kwa kawaida kila mwezi yai moja hukomaa, likatoka kwenye kifuko kimojawapo, likaingia kwenye mrija. Humo ndimo linamongojea mbegu ya mume."

Mwantumu aliinama kutazama. "Kwa hiyo mwanamke naye ana chake anachotoa?"

"Nusu kwa nusu. Mtoto ni yai la mama na mbegu ya baba. Ndiyo maana mtoto anaweza kufanana na bibi mzaa mama mpaka watu wakashangaa. Yai likikutana na mbegu, huteremka mpaka kwenye tumbo la uzazi, likajishika ukutani, na mimba ikaanza."

"Na visipokutana?"

"Kila mwezi tumbo la uzazi hutandika kitanda laini cha damu kumngojea mtoto. Mtoto asipokuja, kitanda hicho hutanduliwa na kutolewa nje. Ndiyo hedhi hiyo. Sisi tulifundwa kuiona kuwa ni uchafu. Ni matandiko tu, somo, ya mgeni ambaye hakufika."

Mwantumu aliyarudia maneno hayo polepole. Kisha akauliza, "Mwanamke anayekwenda mwezini kila mwezi, kwa wakati wake, bila kuruka, huyo mayai anayo?"

"Mara nyingi anayo. Siwezi kuapa kwamba hana kasoro, maana mirija inaweza kuziba, hasa akiambukizwa kisonono na asitibiwe. Lakini kwenda mwezini kwa wakati wake ni dalili njema."

Johari alikuwa akienda mwezini kwa wakati wake. Mwantumu alijua, kwa sababu alikuwa akimwuliza kila mwezi. Kwake hiyo ilikuwa ndiyo ithibati ya ubovu.

"Sasa upande wa mume," alisema Tabu.

Mwantumu akacheka, akajifunika uso kwa leso mpya. "Hebu! Hayo ya wanaume hatuyafinyangi hapa."

"Ndiyo maana hatuyajui."

Tabu akafinyanga mfuko mdogo, akatia ndani yake vidonge viwili vya mviringo.

"Hizi ni kokwa. Mungu amezining'iniza nje ya mwili kwa sababu mbegu hazipendi joto jingi. Humo ndimo mbegu zinamotengenezwa, siku zote, kwa maelfu na maelfu. Zikishatoka humo hukomaa kwenye kijirija kilichojikunja juu ya kokwa. Kisha hupanda kwa mrija mwingine mpaka ndani ya tumbo, karibu na kibofu. Huko kuna tezi zinazoongeza maji meupe. Maji hayo pamoja na mbegu ndiyo manii. Hutoka kwa njia ile ile ya mkojo, ila haviji kwa pamoja."

"Basi akiwa nayo manii, mbegu zimo."

"La, somo. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Maji yale ni mtumbwi, na mbegu ni abiria. Mtumbwi unaweza kufika bila mtu ndani. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zake zote, mkewe asiwe na lalamiko lolote, na asiwe na mbegu hata moja."

Katika miaka yake yote ya ukungwi Mwantumu hakuwahi kusikia maneno hayo.

"Kitu gani kinaziua mbegu?" aliuliza.

"Vitu vingi. Kisonono kisichotibiwa. Kuumia vibaya pale. Wengine huzaliwa kokwa hazikushuka. Na yapo matubwitubwi. Mtoto akipata, huvimba mashavu, akapona, yakaisha. Mtu mzima akipata ni shauri jingine. Wengi hupona salama, lakini kwa wengine ugonjwa hushuka kwenye kokwa. Ukizipiga zote mbili, mara nyingine mbegu zinakauka."

Udongo ulimtoka Mwantumu mkononi.

Mfaume alipata matubwitubwi akiwa kijana mwenye ndevu, mwaka mmoja kabla ya kumwoa Johari. Mwantumu alikumbuka vizuri. Wenzake walimcheka kwa kupata ugonjwa wa watoto. Walimzungusha mti huku wakiuimbia ugonjwa uhame, kama desturi ilivyo. Mashavu yakanywea. Watu wakasema umehama. Lakini usiku ule ule Mfaume akaanza kugumia kwa homa, amelala miguu imeachana, hataki nguo imguse. Mwantumu alielewa ni mahali gani panapouma. Hakuuliza. Mama haulizi mambo hayo kwa mwanawe wa kiume. Alichemsha majani, akampa Khamis, kaka yake na mjomba wa Mfaume, amkande, naye akasimama nje ya mlango. Mfaume alipopona, walichinja kuku. Jambo hilo halikutajwa tena.

"Somo?" Tabu alimgusa bega. "Vipi?"

Mwantumu alimweleza yote. Akamalizia kwa Johari na kile chungu.

"Mimi sisemi kwamba ndivyo ilivyo," alisema Tabu. "Sijampima. Lakini hospitali kubwa ya Dar es Salaam wanayo darubini ya kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho. Wanatazama manii ya mume, wanaona kama mbegu zimo. Mke naye wanampima. Waende wote wawili. Kabla ya hapo, asitoke mtu kwenye nyumba hii."

Kazi ilikuwa kumwambia Mfaume. Mama mtu hawezi kumwambia mwanawe habari za kokwa zake, hata dunia igeuke. Hiyo ni kazi ya mjomba. Jioni Mwantumu akaenda kwa Khamis. Khamis alikuwa mkataji boriti wa zamani, mtu wa kelele na mzaha. Alipoelezwa, akacheka mpaka akakohoa.

"Mfaume? Dume lile? Anabeba boriti mbili begani anatembea nazo matopeni! Mwachieni mwanamume wa watu."

"Boriti haibebwi kwa kokwa, kaka," alisema Mwantumu. "Nakuuliza weye uliyemkanda. Ulipomaliza kumkanda, zilikuwaje?"

Kicheko kilimwisha Khamis. Alikaa akikuna kidevu.

"Moja ilinywea," alisema. "Nyingine nayo ilikuwa ndogo. Miye nilidhani ndiyo kupona kwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje weye, dada? Ungenisikiliza?"

Wote wawili walijua kwamba asingesikiliza. Kila mmoja alikuwa na nusu ya habari, na aibu ilikuwa imezitenganisha nusu hizo miaka yote.

Bamvua likaja, boriti zikatoka, na Mfaume akarudi. Khamis akamchukua kando. Hakuna ajuaye walivyosemezana, ila Mfaume alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, akakataa chakula. Siku kadhaa hakuongea na mtu. Akaenda kukata kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Zena akimpita, alitazama kando.

Mwisho Zena ndiye aliyemfuata.

"Mume wangu, mimi natwanga nikilia kila mwezi. Nimechoka. Twende tukapimwe. Kama kasoro ni yangu, nijue niache kulia. Kama ni yako, mimi sitakucheka."

Walivuka mpaka Nyamisati, wakaenda Kibiti kupanda gari la Dar es Salaam, na Tabu akawapa maneno ya kumpelekea daktari. Waliporudi, Mwantumu aliwaona wakitembea pamoja kutoka pwani, na kabla hawajafika alikwishajua.

"Maji yapo, mbegu hazimo," alisema Mfaume. Alisema mbele ya mama yake, bila mjomba, bila kificho. Mwiko ule ulikuwa umekwisha kazi yake. "Daktari ameniuliza kama nilipata kuugua matubwitubwi ukubwani. Dawa hakuna. Zena hawakumwona na kasoro."

Akamgeukia mkewe. "Ukitaka talaka nitakupa. Ni haki yako, utapata watoto kwingine."

"Sijachoka nawe," alisema Zena. "Nilichoka kuulizwa."

Zena alibaki. Mwaka ule ule dada yake aliyeolewa Dimani, mwenye watoto wengi kuliko chakula, alimpa kitinda mimba wake amlee. Nyumba ya Mwantumu ikapata kilio cha mtoto, kama alivyotamani. Mambo hayo ni mazuri, nami nayasema kwa furaha. Lakini Mfaume, siku ile ya kurudi, alikuwa na swali moja zaidi kabla ya kuingia ndani.

"Mama, Johari yuko wapi siku hizi?"

Mwantumu aliinuka, akachukua leso yake.

Alikwenda Mahege peke yake. Alivuka kwa mtumbwi, akatembea njia ya mchanga hadi kwenye nyumba ya kaka yake Johari. Njiani aliyapanga maneno yake vizuri. Alijisemea kwamba atamkuta na mume na watoto, atalaumiwa, atalia, na mambo yatakwisha. Alipofika, yale maneno yalimpotea. Johari alikuwa amekaa barazani peke yake akisuka ukili wa mkeka, na nywele zake zilikuwa zimeshaingia mvi.

"Shikamoo, mama," alisema Johari.

Mwantumu aliketi chini, si kwenye kiti alichopewa. Akaeleza yote: udongo wa Tabu, matubwitubwi, darubini. Johari alimsikiliza huku mikono yake ikiendelea kusuka.

"Kwa hiyo sikuwa mimi," alisema.

"Hukuwa weye, mwanangu. Hukuwa weye hata siku moja."

Mikono ya Johari ilisimama.

"Nilipata mposaji, unajua? Mtu wa Bungu, mwuza chumvi, aliyefiwa na mke. Alinipenda. Mahari ilikwishapangwa. Ndugu zake wakaja Mbwera kuuliza habari zangu, wakasimuliwa chungu chako. Hawakurudi tena. Baada yake hakuja mwingine."

"Hata sasa hujachelewa," Mwantumu alisema haraka. "Unaweza kuolewa, na watoto..."

"Mwezi umenikatika, mama. Tangu mwaka jana."

Mwantumu alijua maana yake. Tabu alikuwa amemweleza hilo pia: mwanamke huzaliwa na mayai yake yote tayari. Haongezi hata moja. Yanapungua mwaka hadi mwaka, na yakifika mwisho, hedhi hukoma. Johari alikuwa na mayai yake wakati ule, na kila mwezi yalikuwa yakimpita bure, kwanza kwa mume asiye na mbegu, kisha bila mume kabisa, kwa ajili ya maneno ya mtu mmoja. Mwantumu aliona aibu isiyo na pa kujificha. Akaishika miguu ya Johari.

"Niwie radhi, mwanangu."

Johari alimwinua taratibu.

"Hapa tuko wawili, mama. Siku ile tulikuwa wangapi?"

"Mji mzima."

"Basi nenda kaseme mbele ya mji mzima. Nitakuja kusikiliza."

Mwantumu alirudi akamweleza mwanawe. Asingeweza kumsafisha Johari bila kumtaja yeye. Mfaume alikuwa akinoa shoka. Akaliweka chini. "Sema, mama. Langu alilibeba yeye miaka yote hii."

Siku ya harusi ikafika. Wanawake walijaa uani, wazee mbele, bibi harusi katikati, makungwi wenzake pembeni. Johari alikuja na mtumbwi wa asubuhi, akakaa nyuma kidogo. Waliomtambua walianza kunong'onezana.

Mwantumu alitoa udongo wake. Hakutoa chungu. Alitoa lile pera na mirija yake na vifuko viwili, akaeleza kimoja kimoja. Kisha akatoa upande wa mume. Uani kukawa na minong'ono, na kungwi mmoja mzee akasema, "Mwantumu, unatuvua nguo."

"Nawavua ujinga, dada, na wa kwanza kuvuliwa ni miye," alijibu. "Nisikilizeni. Nilisimama mahali kama hapa nikamwita Johari chungu kinachovuja. Nilisema uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini nilikuwa na mdomo mpana kuliko elimu yangu. Johari hakuwa na kasoro yoyote mliyoambiwa. Kasoro ilikuwa kwa mwanangu, iliingia kwa matubwitubwi kabla hajamwoa, na yeye mwenyewe ameniruhusu niwaambie. Nilimvunjia Johari nyumba yake. Nikamvunjia na ile ambayo angeijenga baadaye. Nanyi mliocheka, mjue mlicheka bure."

Aliyesema hayo alikuwa analia, na hakujifunika.

Tangu msimu ule wari wa Mbwera wanafundwa pande zote mbili. Mke na mume wakikaa muda mrefu bila mtoto, hatafutwi wa kulaumiwa, wanakwenda wote wawili kupimwa. Vijana wanaopata matubwitubwi hawazungushwi mti tu. Wanalazwa kitandani, na wakivimba huko chini wanapelekwa kwa daktari bila mtu kuona haya. Tabu husema kwamba kule Kibiti anawatambua wanawake wa Mbwera kwa maswali yao.

Lakini nimeruka jambo moja. Siku ile ya harusi, wanawake walipotawanyika, Mwantumu alimsindikiza Johari pwani. Njia nzima Mwantumu alisubiri neno. Walipofika kwenye mtumbwi akauliza mwenyewe.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe, mama. Ulichosema nimekisikia, na wote wamekisikia."

Johari aliingia, akaketi, akaweka kifurushi chake magotini. Mpiga kasia alikuwa bado anafungua kamba.

"Unajua kilichoniua zaidi?" alisema. "Si kile chungu. Si vicheko. Uliponiambia kwamba ni mimi, niliamini. Ningebishaje? Wewe ndiye uliyenifunda."

Mtumbwi ukaanza kuondoka, naye Mwantumu alisimama matopeni mpaka maji yakamfika magotini.